Mama Mkubwa Hataki Kupanda Mbeya

Leo nawaandikieni habari za maji. Ninyi wa huku Mufindi, mnaoota moto tangu jua halijatua, pengine mtasema: Karani ana nini na maji, na ukungu wetu watosha kutulowesha mpaka mifupani? Ngojeni kidogo.

Mwezi wa Juni nalitumwa na jamaa. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Matema, wilaya ya Kyela, huko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na dada yake mkubwa yu hai bado. Mumewe alifariki mwaka juzi. Mwanawe wa kwanza, ambaye mimi namwita kaka, amejenga nyumba Mbeya mjini, ya matofali ya kuchoma, yenye umeme na maji ya bomba, akataka mama aje akae humo. Mama alikataa kwenye simu mara tatu. Basi wakasema, "Atumwe Karani. Yeye alisomea ualimu, ajua kusema na watu." Nikamwomba ruhusa Baba Paroko, nikafungia vitabu vya ubatizo kabatini, nikapanda basi Mafinga.

Barabara ile yafurahisha. Kutoka Uyole kupanda mpaka Isyonje nalifunga vifungo vyote vya koti, na akina mama walikuwa wakiuza viazi kando ya njia. Kiwira ni ndizi. Tukuyu ni chai na mvua. Kisha gari lateremka, tena lateremka, nawe wavua kitu kimoja kimoja, kwa sababu Tukuyu iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,500, na ziwa halifiki 500. Nilipofika Ipinda, penye mpunga na kakao na michikichi, nalikuwa na shati tu, nalo limelowa jasho.

Nalimkuta mama mkubwa akipepeta mchele. Nikamwamkia. Akanitazama, akatazama mfuko wangu, akasema, "Umekuja kunichukua. Haya, nenda kaoge kwanza, una vumbi la nchi nzima."

Ndugu msomaji, wewe huoga namna gani? Mimi huku Mafinga huoga kwa ndoo moja, nusu yake ya moto, tena mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. Kule naliingia ziwani wakati jua likishuka. Maji yana uvuguvugu, hayana chumvi, ni maangavu hata waziona kucha za miguu yako. Mchanga ni laini. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone yasimama wima na kutumbukia majini bila kuacha hata nafasi ya barabara. Watoto walikuwa wakiogelea, akina mama wakisugua masufuria kwa mchanga, mzee mmoja alikuwa amekaa majini mpaka kifuani, hafanyi kitu, akisalimiana na kila apitaye. Nami nikakaa. Naona nalikaa saa nzima. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Usiku huo nalidhani ng'ambo kuna mji mkubwa, kwa wingi wa taa. Kumbe ni wavuvi wa usipa, samaki wadogo kama kidole, ambao hufuata mwanga. Mitumbwi yakaa nje usiku kucha na taa zake, na alfajiri yarudi. Hapo ndipo pana raha ya pwani nzima. Wanawake hushuka na mabeseni, kila mmoja akipunguza bei kwa kelele, na mvuvi akiapa kwamba atakufa maskini. Mama mkubwa hapigi kelele. Husimama kando, akangoja wengine wachoke, kisha hununua kwa bei anayoitaka yeye. Halafu usipa huanikwa, na kufika jioni wamekauka, nawe wala pamoja na wali wa Kyela ambao wanukia tangu uko njiani. Samaki mkubwa wa kule ni mbasa, ambaye wakati wa mvua hupanda mito kwenda kutaga mayai. Sikumpata, nasikitika mpaka leo.

Ziwa lenyewe lina kina cha mita 700 hivi, yaani chini yake kabisa ni chini kuliko uso wa bahari ya Dar es Salaam! Wataalamu wasema hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kulishinda hili. Ni mamia na mamia. Lakini wote wakaa sehemu ya juu, maana kule chini hakuna hewa ya kuvuta. Wenzetu wa upande wa pili huliita Ziwa Malawi. Samaki hawajali.

Siku ya pili naliona moshi mzito katikati ya maji, nikapiga kelele kwamba meli yaungua. Watoto walinicheka hata wakaanguka. Si moshi, ni wadudu wadogo wanaozaliwa majini na kuruka kwa mamilioni kama wingu. Watu wa kando ya ziwa huwakamata, huwafinyanga kama mkate na kuwala. Mimi nalishukuru tu kwamba upepo uliwapeleka kwingine.

Jumamosi alinipeleka gulioni Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu. Huko vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya pwani ya milimani. Akina mama Wakisi huvifinyanga kwa mikono mitupu, tena huvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe. Mama mkubwa aligonga kimoja kimoja kwa kidole, akisikiliza mlio, akavikataa kumi na viwili. Cha kumi na tatu akakilipia.

Sitaki kuwadanganyeni. Kule kuna malaria nyingi, na usiku hulali bila chandarua. Penye midomo ya mito kuna mamba. Upepo wa kusi ukivuma, mawimbi huwa kama ya bahari, na si kila mtumbwi unaorudi. Mvua za Machi mpaka Mei hufurika mpaka majumbani. Mambo hayo yote nayajua, na kaka alinikumbusha niyaseme.

Basi jioni ya tatu nikayasema. Nikaeleza umeme, bomba, hospitali kubwa za Mbeya. Nikataja kwamba mwanawe halali usingizi akifikiri mama ataugua usiku peke yake. Hapo alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kutoka dirishani mwa chumba changu, huonekana nini?"

Nikafikiri. Nikasema, "Ukuta wa jirani, mama."

"Na asubuhi nitamwuliza nani bei ya usipa?"

"Kijana wa duka atakuletea."

"Ndaga, mwanangu," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, "umenena vizuri, ualimu si bure. Mwambie kaka yako mvua zikifika mlangoni nitapanda, nitakaa mpaka zikauke. Nitakuja kama mgeni, anichinjie kuku." Akaenda kufunga usipa na mchele.

Nalifika kwa kaka Mbeya usiku, nimejikunyata kwa baridi, nikijua atafoka. Akafoka. "Nalikutuma ukamlete mama, wewe waniletea furushi?" Nikafungua furushi mezani, maana sikuwa na neno jingine. Harufu ikajaa sebule nzima. Kaka akachukua usipa mmoja, akauvunja, akaula mkavu hivyo hivyo, akasimama kimya. Akauliza kama mzee yule anayekaa majini angali anakaa. Nikamwambia nalikaa naye. Akauliza maji yalikuwaje.

Chungu alikitaka sana, lakini nalimnyima. Kimefika Mafinga salama, na wakati nikiandika haya mke wangu amekibandika jikoni, maharage yachemka.