Chachu Iliyobaki Isitupwe, Ipikiwe Mikate ya Baga



Ndugu wasomaji, mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona na hamira ikaadimika madukani katika nchi nyingi, mkate wa chachu ulianza kuingia katika nyumba ambazo hazikuujua kabla. Kijana anajifunza kwenye simu, anachanganya unga na maji ndani ya chupa, anaongeza kidogo kila siku, na baada ya wiki moja au mbili chupa inatoa mapovu na harufu ya uchachu. Mpaka hapo hakuna neno. Neno linakuja katika yale mafunzo aliyoyafuata, kwani karibu yote yanamwambia: kabla ya kuilisha chachu, toa nusu uitupe. Naye anatupa. Unga wa ngano unaingia katika pipa la taka, na jioni ya siku hiyohiyo watoto wanataka baga, baba anatumwa dukani kununua mikate yake.

Sisi tunaona kwamba hiyo chachu inayotupwa na hiyo mikate inayonunuliwa ni habari moja. Chachu iliyobaki ndiyo itengenezwe mikate ya baga.

Kwanza tuwafanyie insafu hao wanaofundisha kutupa, kwani hesabu yao ina msingi. Chachu gramu 50 hulishwa unga gramu 50 na maji gramu 50, ikawa gramu 150. Ukiilisha yote tena kwa kipimo hichohicho inakuwa 450, kisha 1,350, kisha 4,050. Yaani mara nne tu za kulisha, na nyumba ina kilo nne za chachu! Lazima kitu kitolewe. Lakini kutoa si kutupa. Kinachotolewa ni unga na maji, pamoja na vijidudu vya aina mbili vinavyoishi pamoja: hamira za asili, ambazo hutoa hewa inayoumua mkate, na bakteria wanaotia ule ukali wa ndimu. Kilichopungua humo ni nguvu tu, kwa kuwa chakula chao kimeliwa. Ni mtu mwenye njaa, si maiti.

Na tazameni majirani zetu ambao hawakujifunza haya kwenye simu. Wasomali wanaopika canjeero huweka kidogo katika unga wa leo ili uwe chachu ya kesho. Wahabeshi wa injera huhifadhi yale maji ya manjano yanayoelea juu ya unga uliochacha, nayo wanayaita ersho, wakaanzia hapo safari inayofuata. Katika majiko hayo chachu inapikwa yote, isipokuwa kile kidogo cha mbegu. Habari ya kumwaga nusu kila siku imeletwa na mapishi ya watu ambao kwao unga si kitu. Sisi tumeyaona mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine na bei ya ngano ikapanda, jinsi chapati za mitaani zilivyonywea mpaka mtu akahitaji mbili mahali pa moja. Na kuhusu israfu hatuhitaji kurefusha maneno. Aya ya 31 ya Suuratul A'raaf inajulikana na watoto wetu wa darasa la tatu, na mafundisho ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuhusu tonge lililoanguka chini, kwamba liokotwe, lisafishwe na lisiachwe, yanajulikana vilevile.

Kuna ndugu wengine ambao hawatupi kwa uvivu, bali kwa khofu. Wanasema: chachu ikikaa siku kadhaa inatoa maji ya kijivujivu juu yake yenye harufu ya pombe, basi vipi tutaila? Hili ni swali zuri na anayeuliza asichekwe. Ni kweli kwamba maji yale yana kileo kidani yake, kwa sababu hamira inapokula sukari ya unga hutoa hewa na kileo kwa pamoja. Lakini mambo hayo hutokea pia katika mkate wa hamira ya pakiti, katika maandazi yanayolala usiku, na katika vitumbua. Hakuna mkate ulioumuka kwa hamira ambao haukupita njia hiyo, na moto wa tanuri huondoa sehemu kubwa ya hicho kilichozalika. Hatujasikia mtu aliyelewa kwa mkate.

Tukirudi katika mafundisho tunakuta kwamba kuchacha peke yake hakukuwa ndiyo illa. Siki imesifiwa kuwa kitoweo kizuri, na siki ni kitu kilichopita katika kileo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku hiyo na inayofuata, na ikifika jioni ya siku ya tatu kilichobaki hakinywi tena. Maana yake kinachochungwa ni kulevya. Ndugu zetu wa Uganda wanalielewa hili kwa bushera ya mtama, kwani ya mwanzoni hupewa watoto, na ikiachwa siku nyingi inaingia sura nyingine. Kwa hiyo rai yetu ni hii: maji yakijitenga juu, yamwage, utumie ule uji mzito wa chini. Ni jambo jepesi, moyo unatulia, na mkate haupungukiwi kitu. Anayetaka zaidi ya hapo amuulize shekhe wa msikiti wake. Wallaahu A'lam.

Ajabu ni kwamba aliyetupa chachu kwa kuogopa harufu, huenda akanunua mikate ya baga ya pakiti bila kusoma ubavuni mwake. Haifai. Mikate laini ya viwandani hutiwa vitu vya kuilainisha na kuifanya ikae muda mrefu. Kimoja ni E471, ambacho hutengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuwa ya mimea au ya wanyama, nguruwe akiwemo. Kingine ni E920, kinacholegeza unga ukandike upesi. Hiki huweza kutolewa katika manyoya ya bata, nywele za nguruwe au hata nywele za binadamu, na siku hizi kipo pia cha kuzalishwa kwa kuchachusha. Hatusemi kwamba kila mkate wa dukani una haramu, na kumharamishia mtu biashara yake bila ya hoja ni dhulma. Tunasema kwamba namba peke yake haikwambii asili, na pasipo na alama ya halali unabaki unakisia. Mkate uliokandwa nyumbani hauna cha kukisia.

Sasa kwa nini baga, na si ule mkate mkubwa wa ganda gumu ambao vijana wanapenda kuupiga picha? Kwa sababu chachu iliyobaki haina nguvu ya kuubeba mkate ule. Ukiitegemea peke yake utatoa tofali. Mkate wa baga ni mdogo, una maziwa, yai na mafuta, na haioni aibu kusaidiwa na hamira kidogo ya pakiti. Hamira inainua, chachu inatia ladha na kuufanya mkate usikauke upesi. Wako wanaosema kwamba ukitia hamira umeharibu usafi wa chachu. Hao tuwaache na usafi wao, sisi tuna watoto wa kulisha.

Kipimo ambacho kimetufaa kwa mikate 10 ni hiki. Chachu iliyobaki gramu 200, iliyokuwa ikilishwa unga na maji kwa uzani sawa. Unga wa ngano gramu 450, ambao ni kama vikombe vitatu na nusu. Maziwa ya vuguvugu mililita 180, yai moja, sukari gramu 40, samli au siagi gramu 50, chumvi gramu 10, na hamira kavu gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja na nusu. Changanya vyote isipokuwa samli, funika dakika 20, kisha kanda huku ukitia samli kidogo kidogo. Mwanzoni donge litanata mikononi na utashawishika kuongeza unga. Usiongeze. Endelea dakika 10 hadi 12, litaacha kunata lenyewe na litavutika kama pazia bila kukatika. Unga ulioongezwa kwa papara ndio unaofanya mikate mingi ya nyumbani iwe mikavu, watu wakasema ya dukani ni bora.

Liache liumuke mpaka liwe mara mbili. Hapa Bujumbura, katika joto letu, saa moja inatosha siku nyingi. Ndugu wa Kigali na wa milimani wawe na subira zaidi, watazame donge badala ya saa. Gawa madonge ya gramu 95 hivi, yaviringishe yakaze juu, yabonyeze kidogo kwa kiganja, uyaache tena dakika 45 hadi 60. Paka maziwa, nyunyiza ufuta ukipenda, oka katika joto la 190 kwa dakika 16 hadi 18.

Wanafunzi wa hosteli na nyumba zisizo na oveni wasiseme kwamba hii si habari yao. Mama zetu wameoka keki kwa sufuria na mkaa kabla umeme haujafika mitaa mingi ya Buyenzi. Chukua sufuria nene, tandaza mchanga mkavu chini, weka juu yake sahani ya bati yenye mikate, funika, kisha mkaa mwingi uweke juu ya mfuniko na mchache chini. Watu hukosea kwa kuugeuza, wakaweka moto mkali chini, mkate ukaungua tako na juu ukabaki mweupe. Ipange mikate karibu karibu ishikane ubavu, maana ikiegemeana hupanda juu badala ya kutawanyika. Anza kuitazama baada ya dakika 20.

Chachu inayotolewa kila siku ikusanyeni katika chupa moja ndani ya friji mpaka itimie kipimo, lakini isizidi wiki. Chachu kuukuu ina ukali mwingi, na ukali huo hulegeza unga, mikate ikalala kama chapati. Hiyo kuukuu itieni katika chapati za maji, inafaa sana. Na mama wa chachu mwenyewe apunguzwe. Nyumba inayooka mara moja kwa wiki inatosha kubaki na gramu 20 tu ndani ya friji, ikalishwa siku moja kabla ya kuoka. Mkifanya hivyo mtaona kwamba kilichokuwa kikitupwa ni kidogo mno, na pengine mtaanza kukitafuta.

Lakini mkiona michirizi ya waridi au ya rangi ya machungwa, au ukungu wenye manyoya, hapo tupeni yote na muoshe chupa kwa maji ya moto. Kuokoa unga wa kikombe kimoja kisha ukamlaza mtoto kwa tumbo si kukwepa israfu.

Pia tunawaomba ndugu zetu waache kusambaza maneno kwamba mkate wa chachu ni dawa. Mgonjwa wa kisukari anaambiwa ale atakavyo kwa kuwa “bakteria wamekula sukari.” Mkate wa chachu huenda ukapandisha sukari polepole kuliko mkate mwingine mweupe, lakini bado ni ngano na bado unapandisha, na hii yetu ya baga ina sukari tuliyotia kwa mikono yetu. Na mwenye maradhi ya utumbo ambaye daktari amemkataza ngano, kuchacha huku hakumhalalishii. Tumesikia wazee wakishauriwa hivi barazani baada ya swala, na anayeshauri hayupo siku mgonjwa anapopelekwa hospitali.

Kuhusu cha kutia ndani, si lazima iwe nyama ya kusaga, ambayo kwa bei ya sasa si ya kila wiki. Mukeke wa ziwani, akitolewa miiba, akakaangwa na kukamuliwa ndimu, anakaa vizuri sana katika mkate huu kwa sababu uchachu wake unaafikiana na samaki. Maharage yaliyobaki ya jana, yakapondwa na kitunguu na bizari, yakafinyangwa na kukaangwa, yanawatosha watoto wa nyumba nzima. Mikate yenyewe hukaa siku mbili ikifungwa katika kitambaa. Siku ya tatu ikatwe, ipakwe samli na kuchomwa kwenye kikaango, na inayobaki baada ya hapo ikaushwe na kusagwa iwe chenga za kumkaangia huyo mukeke wa wiki ijayo.