Kinywa cha mtoto wa mbwa kisipuuzwe

Mnunuzi makini hakubali bei ya mbuzi mnadani kabla ya kumfunua mdomo. Meno humweleza umri wa mnyama, na humweleza pia kama bado ana uwezo wa kula na kunenepa. Cha kushangaza, mnunuzi huyo huyo akienda kutafuta mtoto wa mbwa wa kulinda zizi au duka, huangalia rangi, masikio na ukubwa wa miguu, kisha hulipa na kuondoka. Kinywa hakiangaliwi hadi siku mbwa atakapokataa chakula.

Uzembe huo una gharama. Mfugaji hutumia fedha na miezi kadhaa ya malisho kumkuza mbwa, akitarajia mlinzi wa miaka mingi. Mbwa mwenye maumivu ya kinywa hali ipasavyo, hadhoofiki kwa siku moja, na mwenyewe hugundua hasara ikiwa imeshaingia.

Mtoto wa mbwa huzaliwa hana meno. Meno ya utoto, ambayo ni 28, huanza kuota akiwa na wiki tatu hivi. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne huanza kung'oka yenyewe ili kuyapisha meno ya ukubwani, ambayo hufikia 42, na kazi hiyo kwa kawaida hukamilika akiwa na miezi sita au saba. Katika kipindi hicho fizi huwa nyekundu, damu kidogo huonekana kwenye anachotafuna, na viatu, mifagio na magunia havisaliki. Huo si ugonjwa wala utundu wa kuadhibiwa kwa fimbo. Apewe kitu laini cha kutafuna, na ugali wake ulainishwe kwa mchuzi.

Tatizo huanza pale jino la utoto linapogoma kutoka na la ukubwani likaota pembeni yake. Mara nyingi huwa ni chonge, na mbwa wa aina ndogo ndio wanaosumbuka zaidi. Kanuni ni rahisi: mahali pa jino moja pasionekane meno mawili. Yakikaa mawili, chakula hunasa katikati, fizi huoza, na jino jipya husukumwa upande. Chonge ya chini ikipinda kuelekea ndani, huchoma kaakaa kila mbwa anapofunga mdomo.

Hapo ndipo wengi hukimbilia koleo. Hilo ni kosa kubwa. Mzizi wa chonge ya utoto ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, na ukivunjika hubaki ndani ya fizi na kutunga usaha, au jino jipya lililo jirani likaharibika. Jino la namna hiyo hung'olewa na daktari wa mifugo, mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Likiwahiwa, jino la ukubwani bado lina nafasi ya kurudi mahali pake. Likicheleweshwa, kupinda huwa kwa kudumu.

Madhara mengine husababishwa na mfugaji mwenyewe. Mifupa migumu, mawe na minyororo huvunja meno ya utoto, na uambukizo unaopita kwenye jino lililovunjika unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojengeka chini yake. Dawa ya OTC, ambayo wafugaji wengi huiweka nyumbani kwa ajili ya ng'ombe, ikipewa mbwa mwenye mimba au mtoto wake inaweza kuyatia meno rangi ya njano isiyotoka. Ugonjwa wa distempa nao, ukimpata mtoto wa mbwa na akapona, unaweza kuacha meno ya ukubwani yenye mashimo na madoa ya kahawia. Kinga yake ni chanjo inayoanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa hadi afikishe wiki 16. Kuchoma sindano moja na kuacha hakutoshi.

Lipo jambo moja zito kuliko yote hayo. Mbwa anayetokwa mate mengi, aliyelegea taya na kushindwa kumeza anaweza kudhaniwa ana jino bovu au mfupa kooni, kumbe ana kichaa cha mbwa. Mtu akiingiza mkono kinywani kumsaidia, anahatarisha maisha yake. Mbwa huyo asiguswe, bali aitwe daktari wa mifugo. Aliyekwisha kung'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Kwa bahati nzuri, umri wa miezi mitatu, ambapo mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa, ndio umri ambao meno yake huanza kubadilika. Halmashauri zinazoandaa siku za chanjo, ikiwa ni pamoja na Septemba 28 ya kila mwaka, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, zinaweza kuwaagiza maofisa mifugo wamfundishe kila mwenye mbwa namna ya kukagua kinywa na wampangie tarehe ya kumrudisha akiwa na miezi sita. Kazi hiyo haihitaji mtambo, inahitaji dakika chache tu.

Wauzaji nao wana wajibu. Mtoto wa mbwa asiuzwe kabla ya wiki nane, na mnunuzi akabidhiwe kadi ya chanjo pamoja na mbwa wake. Mnunuzi kwa upande wake asione haya kumfunua mdomo kabla ya kulipa, kama anavyofanya kwa mbuzi.