Mafua Yanaua, Tuache Kudanganyana

"Mafua hayaui mtu." Kauli hii utaisikia kwenye daladala, barazani, na hata kwenye foleni ya zahanati. Wengine huongeza kwamba homa ya mafua ni ugonjwa wa nchi za theluji. Sisi wenye jua, malaria na kifua kikuu hatuna muda wa kuhangaikia makamasi. Imani hii ni potofu, na wanaoilipia ni wanyonge.

Mwaka 2002 homa hiyo iliingia vijiji vya Fianarantsoa, Madagascar. Katika miezi michache watu zaidi ya 27,000 waliugua na zaidi ya 700 wakafariki. Virusi vyenyewe havikuwa vigeni: vilikuwa vya H3N2, vilivyokuwa vikizunguka duniani, na chanjo yake ilikuwapo. Kabla mwaka haujaisha, mamia walikufa Bosobolo, kaskazini mwa Kongo, karibu na ikweta. Theluji iko wapi hapo? Palikuwa na utapiamlo, na hospitali zilikuwa mbali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mafua ya msimu husababisha vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa maambukizi ya mapafu yatokanayo na mafua, asilimia 99 ni wa nchi zinazoendelea. Nchini Kenya, ambako wagonjwa wamepimwa kwa miaka mingi, virusi hivi vimeonekana karibu mwaka mzima.

Kwa nini basi hatuvioni vifo hivyo? Kwa sababu hatuvipimi. Mtoto analetwa anahema kwa shida, mbavu zinabonyea. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na cha mafua hakipo. Anapewa antibayotiki, ambayo haiui virusi. Akifariki, huandikwa nimonia. Bibi mwenye shinikizo la damu anaugua mafua, moyo unashindwa, na kinachoandikwa ni moyo. Anayesema hajawahi kuona mtu aliyekufa kwa mafua anasema kweli kuhusu vyeti, si kuhusu makaburi.

Najua hoja ya bajeti. Chanjo ya mafua ina gharama, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Lakini hakuna anayedai tuchanje nchi nzima. Mjamzito tayari yuko kliniki, anachomwa sindano ya pepopunda. Majaribio ya Soweto, Bamako na Nepal yalionyesha kwamba mama akichanjwa mafua, kichanga wake naye hupata kinga katika miezi ya mwanzo, wakati ambapo yeye mwenyewe hajafikia umri wa kuchanjwa. Anayetumia dawa za VVU ana siku yake ya kliniki, na mwenye kisukari vilevile. Watu hawa hatuhitaji kuwatafuta; wako mbele yetu kwenye mabenchi.

Mahujaji wetu huhimizwa kuchanjwa mafua kabla ya kwenda Makka, na ni jambo jema. Lakini ikiwa mwenye afya anakingwa kwa ajili ya safari ya wiki chache, mama yake mgonjwa wa kisukari aliyebaki nyumbani amekosa nini?

Mwaka 2016 kamati ya wataalamu wanaoishauri serikali ya Kenya kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe mafua. Ushauri wa aina hiyo usiachwe makabatini. Wizara za afya za ukanda huu zianze na wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye magonjwa sugu, na hospitali za wilaya zipewe vipimo.

Sisi wengine tuache kumtuliza mama kwa maneno ya "ni mafua tu, yatapita". Mtoto anayehema haraka au kushindwa kunyonya apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayemshauri mama asubiri anamnyima mtoto saa ambazo zingemwokoa.