Wakubwa na raia: tukipitia barabara mbili, tutakuwaje na mawazo moja?

Ukitaka kujua umbali uliopo kati ya wakubwa na raia wa kawaida hapa kwetu Kivu Kusini, enda asubuhi ku parking ya magari yanayotoka Bukavu kwenda Uvira. Utakuta wamama na mizigo, wanafunzi, wagonjwa wenye karatasi ya daktari mukononi. Kila mutu anajiuliza jambo moja: leo tupite Ngomo ao tupite Rwanda?

Barabara ya taifa namba 5 ni yetu. Lakini miteremuko ya Ngomo imekula magari na watu, na mvua ikinyesha safari inakuwa maombi. Ndiyo maana wengi wanavuka mupaka ku Ruzizi, wanapita ku lami ya jirani mpaka Bugarama, kiisha wanaingia tena inchini ku Kamanyola. Mukongomani anatoka Kongo ili afike Kongo. Ukilalamika, mama wa ndagala atakujibu: « Mutoto yangu, bakubwa banapandaka ndege. Mambo ya Ngomo batayajulia wapi? »

Ku redio, kila tukifungua simu kwa wasikilizaji, neno linalorudi ni moja: wakubwa wana roho mubaya, wanajali tumbo yao tu. Mimi naona hiyo haielezi kila kitu. Wabunge na mawaziri wengi hawakuzaliwa mu mali. Ni watoto wa walimu, wa wauguzi, wa wakulima. Walikula sombe sawa sisi, walitembea na miguu kwenda ku masomo sawa sisi. Sasa ni nini inawabadilisha?

Ni maisha wanayoishi kiisha kupata cheo. Siku mutu anaacha kutumia barabara yetu, shule yetu na hospitali yetu, mambo yetu yanaanza kuwa kwake sawa habari ya mbali. Kitu tunachoona ni cha lazima, yeye anaona kinaweza kungoja. Na kitu tunachoona ni anasa, yeye anaona ni haki yake.

Mufano mukubwa uko mu historia yetu. Oktoba 1996 vita vya AFDL vilipoanza hapa kwetu, Uvira ikaanguka, kiisha Bukavu. Raisi Mobutu alikuwa Uswisi, akitibiwa kansere. Alikuwa ametawala tangu Novemba 1965. Zaidi ya miaka 30, na shaba, almasi na dhahabu ya inchi yote mukononi mwake, lakini siku mwili wake ulipogonjwa, hakuwa na hospitali ya Zaire ya kuamini. Alikufa Rabat, kule Moroko, tarehe 7 Septemba 1997. Waliokuja nyuma yake hawakuacha tabia hiyo. Mukubwa akigonjwa sana, tunasikia ako Afrika Kusini, Uhindi ao Ulaya. Raia anabaki ku kituo cha afya, na akikosa pesa ya kulipa, anaweza kupona na bado akazuiliwa kutoka.

Tuje karibu kidogo. Tarehe 13 Juni 2022, muji wa Bunagana ulianguka mikononi mwa M23. Mwezi ule ule, inchi yote ilisikia kwamba wabunge 500 wa taifa wanapewa jeep za Hyundai Palisade. Wengine walieleza kwamba mubunge anahitaji gari ili afanye kazi yake. Inawezekana. Lakini mwalimu naye anahitaji mushahara ili afanye kazi yake. Katiba yetu, article 43, inasema masomo ya musingi ku shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa, na watoto wengi ambao walikuwa wanauza karanga njiani walirudi darasani. Ilikuwa jambo nzuri. Lakini wazazi walipoacha kulipa prime, walimu wengi walibaki na mushahara usiotosha, na madarasa yakajaa mupaka mulangoni.

Septemba 2024 walimu wengi wa Kivu Kusini waligoma, watoto wetu wakabaki nyumbani. Watoto wa wale wanaopanga bajeti walikuwa wapi? Wengi wako ku shule za kulipa mu miji mikubwa, ao inje ya inchi. Mugomo haukugusa daftari zao. Ndiyo maana haukuwanyima usingizi.

Lakini tuko na mufano mwingine, na huu unatoa tumaini. Mwaka 2020 kodi ya simu ilikuja, ile ya RAM. Simu ya 2G dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G ao 4G dola 7, na pesa ilikatwa mu inite bila kuuliza mwenyewe. Muuza mahindi alikatwa. Motari alikatwa. Na mubunge pia alikatwa. Raia walipiga kelele, vijana wa LUCHA wakaandamana, na mwaka 2021 Claude Misare, mubunge wa Uvira, akauliza waziri Augustin Kibassa atoe maelezo mbele ya Bunge. Mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Siwezi kusema iliondolewa juu tu wakubwa walipoteza inite. Lakini kwa mara moja, uchungu wa mukubwa na uchungu wa raia ulikuwa uchungu mumoja, na sauti zikakutana. Barabara ya Ngomo haijapata bahati hiyo.

Tusikilize wakubwa pia. Mubunge atakuambia kwamba mushahara si wake peke yake. Kila asubuhi mulango wake umejaa: moja analilia minervale, mwingine sanduku ya maiti, mwingine dawa. Ni kweli, na ni desturi yetu: mwenye kupata anagawa. Lakini angalia wamama wetu mu likelemba. Pale kila mumoja anajua nani ametoa, nani amekula, na zamu ni ya nani. Mama anayekula bila kurudisha anaona haya kupita sokoni. Kugawa na kutoa hesabu vinatembea pamoja. Mukubwa amekamata nusu ya desturi hiyo, ile ya kugawa. Nusu ingine ameiacha, na sisi tumemuachia.

Ku matanga, mukubwa akishuka mu jeep na kutoa bahasha, tunapiga makofi. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikufa juu gari ya hospitali ilikwama mu matope. Mu kampeni ya Desemba 2023 tulipokea tisheti, chumvi na bia. Hata sisi waandishi tusijifiche. Wengi wetu tunapokea kupaje, ile pesa inayoitwa ya usafiri, kiisha mukutano wa mukubwa. Mimi pia nimeipokea. Siku ile nilirudi na habari ndefu, lakini swali lililonipeleka pale sikuliuliza.

Kikao cha Bunge kinafungwa tarehe 15 Desemba. Wabunge watarudi kwa likizo, na wengine wataita watu ili watoe ripoti. Tuende. Lakini mbele ya kunyosha mukono juu ya bahasha, tunyoshe mukono juu ya swali. Muheshimiwa, ulipita barabara gani kufika hapa? Mutoto wako anasoma wapi? Mara ya mwisho uligonjwa, ulitibiwa wapi? Mu bajeti mulioipiga kura, kuko nini juu ya barabara yetu na walimu wetu?

Hatuombi mukubwa awe masikini. Tunaomba apite mahali tunapita, hata mara moja kwa mwaka, mu mvua. Atakayejibu maswali hayo bila kukasirika, tumusikilize vizuri hata kama hakuleta kitu. Na sisi ku redio tutakuja na mikro. Siku hiyo, bahasha ibaki mu jeep.