Karata Zimewapita Mashujaa
Gemu lililoninyima usingizi kuliko yote ya karibuni halina panga wala bunduki. Ni Balatro la mwaka 2024, lililobuniwa na mtu mmoja wa Kanada: karata za poka bila kamari, na jokeri 150 wa kuvuruga hesabu. Unalaza jozi ya wafalme, jokeri mmoja anaongeza pointi, wa pili anazizidisha, na tarakimu zinawaka moto. Ni hatari kwa mwenye kazi asubuhi. EA Sports FC 25? Gemu la soka, FIFA ileile yenye jina jipya. Ukiwa na la mwaka uliotangulia, tulia nalo. Tales of Kenzera: Zau ndilo lililonipa kazi kuliamua. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alilitunga kutokana na msiba wa baba yake, na linachezeka kwa sauti za Kiswahili. Kubadili barakoa ya nguvu za jua kwa ile ya nguvu za mwezi ukiwa hewani ni raha tupu. Mapigano ndiyo yanayochosha, maadui ni walewale. Linunue, ila subiri lishuke bei.