Twin Falls: mji uliojengwa na wageni hauna sababu ya kuwafukuza wageni

Mwaka wa 2016, kundi moja la wakaaji wa Twin Falls, katika jimbo la Idaho magharibi mwa Marekani, lilitaka kituo cha wakimbizi cha mji huo kifungwe. Walikusanya sahihi ili jambo hilo lipigiwe kura, lakini sahihi hazikutosha. Historia ya mji wenyewe ingetosha kuwajibu.

Kabla ya mwaka wa 1904 hapakuwa na mji pale. Udongo ulikuwa mzuri lakini mkavu, na mto Snake ulipita mbali chini, ndani ya korongo. Wenyeji, Washoshone na Wabannock, walikuwa wamekwisha kupelekwa Fort Hall. Sheria ya Carey ya mwaka wa 1894 iliruhusu makampuni kuchimba mifereji na kuwauzia walowezi haki ya maji. Ira Perrine, mzaliwa wa Indiana, alitafuta wenye mali, bwawa la Milner likajengwa, na mwaka wa 1905 maji yakafika mashambani. Wakulima walinunua hisa, na mwishowe mifereji ikawa mali yao wenyewe. Ndipo maharage, viazi na ng'ombe wa maziwa vikaulisha mji.

Mwaka wa 2012, kampuni ya Chobani ilifungua hapo kiwanda cha maziwa ya mgando kilichogharimu dola milioni 450. Mwanzilishi wake, Hamdi Ulukaya, ni Mkurdi kutoka Uturuki. Wakimbizi ni kati ya wafanyakazi wake. Chuo cha Southern Idaho kilianza kupokea wakimbizi miaka ya 1980, na Wakongomani walikuwa kati yao.

Ni kweli, mji unaokua haraka hukosa nyumba, na kodi hupanda. Twin Falls ilikuwa na watu kama 44,000 mwaka wa 2010. Mwaka wa 2020 walipita 51,000. Lakini bila watu wa kukamua ng'ombe na kuendesha mashine, maziwa hayo yangemwagika.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Washoshone haikuwa hivyo. Wageni wa wakati ule walichukua ardhi. Mkimbizi wa leo anaomba kazi tu, na analipa kodi. Kati ya hao wawili, wa kuogopwa hakuwa huyu.