Pumzi ya mashine na presha ya mtoto: Mzazi afanye nini kabla ya upasuaji

Mzazi anayempeleka mtoto kufanyiwa upasuaji huogopa mambo mawili: kisu na usingizi. Habari za kisu daktari huzieleza. Za usingizi mara nyingi hupita juu juu, ingawa sehemu ya usalama wake huanzia nyumbani, usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Mtu anapopumua mwenyewe, kifua hupanuka na kuvuta hewa ndani. Mvuto huo huo husaidia damu kurudi kwenye moyo. Katika upasuaji mkubwa, kama wa tumbo, mtoto hupewa nusu kaputi pamoja na dawa ya kulegeza misuli, na hapo hawezi kupumua mwenyewe. Mashine, au mtaalamu anayebonyeza mfuko wa hewa kwa mkono, humpumulia. Sasa hewa haivutwi, bali inasukumwa. Shinikizo hupanda ndani ya kifua, na mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo hubanwa.

Wakulima wa mboga wa Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, wanajua kinachotokea mtu akikanyaga mpira wa kumwagilia. Chanzo kikiwa kimejaa, maji hupungua kidogo tu. Chanzo kikiwa na maji machache, tuta hukauka.

Ndiyo maana mashine haiwekwi kwa kukisia. Kwa kawaida kila pumzi huwa mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 huhitaji mililita 90 hadi 120, kama nusu kikombe cha chai. Pumzi ikizidi, damu inayorudi kwenye moyo hupungua na presha hushuka. Ikiwa ndogo mno, hewa chafu hubaki mwilini. Dawa za usingizi nazo hulegeza mishipa, na hilo pia huishusha presha.

Kwa sababu hiyo presha hupimwa angalau kila dakika 5. Hata mkanda wa kipimo lazima umfae mtoto: ukiwa mdogo kuliko mkono wake, husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na unaweza kuficha hatari. Presha ikishuka, mtaalamu hupunguza nguvu ya pumzi au dawa, au huongeza maji ya dripu.

Mzazi anaingia wapi? Kwenye kile chanzo cha maji. Chukua mfano wa mama anayeshuka na mwanawe kutoka Nyandira alfajiri, kupitia Sangasanga hadi Morogoro mjini. Kwa hofu, mtoto hajanywa hata maji tangu jioni. Upasuaji unasogezwa hadi mchana. Mtoto huyo anafika mezani akiwa amekauka, na pumzi ile ile ambayo mwenzake angeivumilia inaweza kumshusha presha.

Kosa la pili ni kinyume chake: bibi anamhurumia mjukuu na kumpa uji kwa siri. Mtoto akitapika akiwa usingizini, uji unaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua.

Mambo ya kuzingatia:

Uliza saa kamili. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo huachwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2. Fuata maelekezo ya hospitali yako.

Upasuaji ukicheleweshwa, uliza kama mtoto anaweza kunywa maji.

Sema kama ameharisha, ametapika au amekuwa na homa siku za karibuni. Taja kila dawa aliyotumia, mitishamba ikiwemo.

Beba kadi ya kliniki, na hakikisha amepimwa uzito upya. Uzito ndio unaopanga pumzi na dawa.

Waeleze wote wanaomlea. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ana neno kuhusu mtoto wa dada yake. Naye ajue saa ya mwisho ya kula na sababu yake.

Usishtuke ukisikia presha ya mtoto ni ndogo kuliko yako. Kwa mtoto wa miaka 4, kipimo cha juu cha karibu 95 ni cha kawaida.

Mashine ina mtu wa kuisimamia. Chakula na maji ya mtoto kabla ya kuingia chumba cha upasuaji vinasimamiwa na mzazi.